Mchanga Nyuma ya Pikapu

Kwa majuma mawili mwaka 2014 nilikuwa navusha mchanga kwa pantoni, kutoka Kigamboni kwenda Kivukoni, bila nia ya kuuza wala kujengea. Viroba kumi, kila kimoja kilo hamsini hivi. Asubuhi naenda navyo mjini, mchana narudi navyo. Vijana wa pale pantoni walishanizoea. "Dada, mchanga wako bado tu haujapata mteja?" Nacheka nao, tunapita. Kueleza kungechukua muda mrefu kuliko safari yenyewe ya kuvuka. Leo, ndugu msomaji, nina nafasi. Acha nieleze.

Mimi ni mtoto wa Gezaulole, kijiji cha enzi za Ujamaa, ufukweni kusini mwa Kigamboni. Jina lenyewe ni la Kizaramo na maana yake ni "jaribu uone". Dingi wetu ni mtu wa nazi. Anazinunua shambani, anazifua, anazipeleka Kariakoo. Mwaka 1998 alijaribu akaona: akanunua pikapu ya mtumba, Hilux ya 1991, ile ya umbo la kiboksi ambayo vitabu vya mafundi huiita LN106. Dizeli, injini ya 3L, lita 2.8, inavuta magurudumu yote manne. Haina pawa stelingi. Na ina springi za majani mbele na nyuma, kama lori.

Springi ya majani, kwa asiyeijua, ni vipande vya chuma cha pua vilivyopindwa kama upinde. Kirefu kinakaa juu, vifupi vinafuata chini yake, vyote vimebanwa pamoja katikati. Gurudumu likipanda jiwe, upinde unanyooka. Likishuka, unajikunja tena. Kazi yake ndiyo hiyo tu, kuinama na kurudi.

Mwaka 1999 springi za nyuma zilianza kulala kwa uzito wa nazi. Mafundi walimshauri baba anunue mpya. Yeye akatafuta majani mawili ya lori lililokufa, yakakatwa kwa kipimo, yakaingizwa moja kila upande. Pikapu ikasimama mkia juu kama panzi. Ili kuisawazisha, mtu akamfungia mbele vishikio virefu vya springi, na pua nayo ikainuka. Basi, mzee akafurahi. Gari ambalo Toyota walilitengeneza kwa takriban tani moja sasa lilipakia nazi 2,500, karibu tani mbili, wala halikulalamika. Ada zetu za shule zilipita juu ya majani yale mawili. Siyasemi vibaya.

Mwaka huo wa 2014 bi mkubwa akakutwa na saratani ya shingo ya kizazi. Akapangiwa mionzi Ocean Road, mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, majuma matano mfululizo. Ukishuka pantoni pale Kivukoni, hospitali haifiki kilometa tatu: unaliacha soko la samaki la Feri, unapita Ikulu, unafuata bahari. Taabu ilikuwa upande wetu. Daraja la Kigamboni lilikuja kufunguliwa mwaka 2016; wakati ule ilikuwa ama pantoni, ama kuzunguka hadi Kongowe na kuingilia Mbagala. Na kabla ya kuifikia hiyo pantoni ilikuwa ni njia ya vumbi, makorongo, na mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama meno.

Daladala hakuiweza, kusimama tu kulimshinda. Bajaji ndiyo kabisa. Baba alikuwa amepungukiwa macho, kwa hiyo dereva nikawa mimi.

Siku ya kwanza nilielewa jambo ambalo miaka yote nikiwa juu ya nazi sikulielewa. Springi iliyofungwa kwa ajili ya tani mbili, ukiipa gari tupu, haiinami. Inakuwa ubao. Kila jiwe lililopigwa na tairi lilifika moja kwa moja kwenye kiti. Mama alikalia mito miwili. Mkono mmoja aliushika juu ya mlango, na kila tulipokaribia korongo alijinyanyua kidogo, akabaki hewani mpaka tulipite, kisha akajishusha taratibu. Hakusema neno. Niliendesha mwendo wa mtu anayetembea, tukachelewa pantoni mbili.

Juma la pili, Jumatano, akaniambia, "Leo sijisikii, mwanangu. Kesho." Alhamisi akasema vilevile. Tulikuwa tumeelezwa tangu mwanzo kwamba mionzi haitaki mapengo. Siku ukiruka, ugonjwa unapata nafasi ya kujijenga upya. Nikadhani dawa zimemchosha, au amekata tamaa. Usiku ule, nikiwa uani nasuuza vyombo, nikamsikia akizungumza na mama mdogo chumbani.

"Mashine haiumi," alisema. "Mashine nalala tu, dakika chache, nainuka. Linaloniua mimi ni lile gari."

Nilikaa pale uani mpaka maji yakapoa.

Ndipo nikakumbuka ujanja wa madereva wa pikapu: gari likiruka tupu, litwishe mchanga. Alfajiri ya Ijumaa nikapakia viroba kumi, nusu tani. Kweli, springi zikainama kidogo, na mama akaweza kukaa kama mtu anayekaa. Tukaenda. Kwa majuma mawili tukawa tunalipia dizeli ya kusafirisha mchanga kwenda hospitali na kuurudisha nyumbani.

Lakini gari ni kama mwili, ukibana huku panafumuka kule. Viroba nilikuwa nimevipanga nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi, maana pale ndipo vilipolainisha zaidi. Kumbe mzigo unaokaa nyuma ya ekseli ya nyuma unainua pua ya gari, na magurudumu ya mbele yanakanyaga ardhi kwa wasiwasi. Usukani wetu ulikuwa na ulegevu wa siku nyingi, unauzungusha kiasi cha kiganja kabla gurudumu halijasikia. Baba aliuzoea kama mtu anavyozoea mguu mfupi. Mimi nikawa nausahihisha kushoto, nausahihisha kulia, njia nzima.

Jumatano ya juma la nne, tumeshuka pantoni, tumekwishaliacha soko la Feri, nikaongeza mwendo kidogo. Tairi la kushoto likapiga shimo. Magurudumu ya mbele yakaanza kutikisika, si mtikisiko wa kawaida, bali kama mtu mwenye homa ya malaria. Usukani ukanipokonya mikono. Gari likavuka mstari wa katikati, na basi dogo lililokuwa linakuja likapiga honi ndefu likatukwepa. Nikakanyaga breki, tukasimama, mtikisiko ukafa. Mama alikuwa ameshika deshibodi kwa mikono yote miwili. Alinitazama, akaniambia, "Twende, mama. Tutachelewa zamu."

Mchana ule, baada ya zamu, nilipita gereji moja njiani. Fundi kijana, mchangamfu, alifungua boneti, akaona skrubu iliyo juu ya boksi la usukani, akaikaza nusu mzunguko. Ulegevu ukaisha palepale. "Umeona, sista? Kazi ndogo." Kwa ule mtikisiko akanishauri nifunge shokapu ya usukani, ile inayolala mbele ya ekseli. Nikamlipa ya skrubu, ya shokapu nikamwambia nitarudi. Kufika nyumbani mabega yalikuwa yamekufa ganzi. Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na baada ya kona haukurudi wenyewe. Ulibaki pale pale ulipouacha.

Alhamisi nikamwacha mama amepumzika kwenye benchi la hospitali pamoja na mama mdogo, nikakata mjini kwenda Kariakoo. Pale makutano ya Samora panaposimama Mnara wa Askari foleni ikanisimamisha. Mnara ule uliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini. Wapagazi hao Waingereza waliwaita Carrier Corps, na mahali walipokusanywa mji huu ndipo penye jina la Kariakoo mpaka leo. Nilikuwa nalijua hilo tangu shuleni. Siku ile nililiwaza kwa namna nyingine, nikiwa nimekaa ndani ya gari lililobebeshwa mpaka likavunjika mifupa, naenda nalo Kariakoo.

Gerezani, kwenye mitaa ya spea na wahunzi, nilielekezwa kwa mzee mmoja wa springi. Nilimkuta amekalia rimu, anakunywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Gari ya baba hiyo?"

"Ya baba."

"Naiona. Imetembea sana hiyo." Hakufungua boneti. Aliniambia nikae ndani, nisiguse usukani. Yeye na kijana wake wakapanda juu ya bampa la mbele, wakaanza kuruka-ruka. Usukani ukawa unajigeuza wenyewe mbele ya macho yangu, huku na huku, kama anauendesha jini.

Akanishusha akanionyesha. Kuna mkono wa chuma unaotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu. Ulitakiwa ulale, kwa sababu ya vile vishikio virefu, ulikuwa umesimama mno. Kila springi ilipopanda na kushuka, mkono ule ulilivuta gurudumu ukalisukuma, bila dereva kuamua kitu. Vishikio hivyohivyo vilikuwa vimeigeuza pembe ya ekseli, na pembe hiyo ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona.

Kisha wakapiga jeki. Akashika tairi juu na chini, saa sita na saa kumi na mbili, akatikisa: likacheza. "Beringi za kingpini hizi. Hapa ndipo inapotoka ile homa." Akalishika ubavuni, saa tatu na saa tisa: likacheza tena. "Hizi tairodi." Bushi za springi zilikuwa zimeisha, chuma kinasugua chuma. Mwisho akaitazama ile skrubu, akasonya. "Aliyekaza hapa amefunga mdomo wa mtoto anayelia. Meno ya ndani yatalika, halafu siku moja utakosa usukani." Ile shokapu niliyoshauriwa nayo ilikuwa hivyohivyo, ingeuficha mtikisiko, beringi zikaendelea kufa kimyakimya.

Nikamwuliza kuhusu majani ya lori. Akalala chini, akayagonga kwa spana.

"Haya nani kaweka?"

"Baba."

"Ni mazito haya. Springi haiwezi kufanya kazi na haya."

Baadaye nilisoma hesabu yake. Ukichukua majani mawili ya urefu na upana mmoja, moja likiwa na unene mara mbili ya jingine, ugumu wake hauwi mara mbili; unakuwa mara nane. Jani moja la lori lilikuwa limeyanyamazisha majani yote ya Hilux. Na uzito haukupotea hewani kwa sababu springi imegoma kuinama. Ulikwenda kwenye chesisi, kwenye bushi, kwenye usukani, na mwisho kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa. Kwa miaka kumi na tano tulikuwa tukisema gari letu ni gumu, linabeba. Kumbe lilikuwa linamkabidhi mwingine mzigo.

Mzee alinitajia gharama. Nilikuwa na bahasha nyumbani, akiba ya miaka miwili, ya kuchapisha kijitabu changu cha hadithi. Kwa seti nzima mpya kutoka Australia, zile wanazofunga magari ya kitalii Arusha, isingetosha hata nusu. Kwa mpango wa mzee ilitosha: kutoa majani ya lori na vishikio virefu, kuzigonga springi za asili zirudishe upinde, bushi mpya, shokapu nne, beringi za kingpini, tairodi zote, na boksi la usukani kurekebishwa kwa kipimo. Kazi ya Jumamosi na Jumapili. Jumatatu mama ana zamu.

Sasa ikabaki kumwambia mwenye gari.

Baba alikuwa hajakanyaga Ocean Road hata mara moja. Tukirudi anauliza, "Mmefika salama?" basi, anakwenda zake uani kwenye nazi. Wakati ule nilimwona ana moyo mgumu. Ijumaa jioni nikamfuata hukohuko uani.

"Baba, nataka kuyatoa yale majani ya lori."

Akaendelea kufua. "Yale ndiyo yaliyokusomesha."

"Najua, baba."

"Gari si godoro. Mama yako akipona, atakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamweleza habari ya usukani na lile basi dogo. Kisha nikamwambia, kwa maneno yaleyale, alichosema mama kwa mama mdogo usiku ule. Akasimamisha mikono. Hakusema ndiyo wala hapana. Alfajiri nilikuta ufunguo mezani.

Gerezani siku ile nilijifunza kazi. Wahunzi wa pale hawaichomi springi motoni, maana chuma cha springi kikipashwa ovyo kinapoteza ukali wake, na wala hawaiungi kwa kulehemu. Wanailaza juu ya fuawe ikiwa baridi, wanaigonga inchi kwa inchi, wanaipima ukutani kwa chaki iliyochorwa upinde, wanaigonga tena. Jani kwa jani walisugua kutu ya chumvi ya pwani, wakapaka grisi kati yake ili yateleze. Nilishika taa, nilisafisha beringi kwa dizeli, nilikwenda dukani mara tano. Maduka ya spea ya Kariakoo yatakuuzia tairodi tatu zilizofanana kama mapacha kwa bei tatu tofauti. Mzee alizipokea moja moja, akaitikisa kichwa chake kwa vidole, mbili akanirudisha nazo.

Saa nane mchana nikainua macho, nikamwona baba. Alikuwa amepanda pantoni kwa miguu, akashika daladala ya Kariakoo peke yake, na macho yale. Alisalimiana na mzee, akakalia rimu. Majani ya lori yalikuwa yamelazwa chini. Akayatazama muda mrefu.

"Yakitoka hayo," akamwuliza fundi, "itabeba nazi ngapi?"

"Elfu moja na mia tatu. Ukizidisha, unaniletea tena."

Baba akawa anahesabu midomo ikicheza. Elfu mbili na mia tano ilikuwa safari moja, nauli moja ya pantoni, dizeli ya mara moja. Nilimjua, alikuwa anaipitia hesabu hiyo shilingi kwa shilingi.

"Basi nitakwenda mara mbili," alisema. Kisha, bila kunitazama, akaniuliza mama anafikishwa saa ngapi kule kwenye mashine, na kama kuna mahali pa mtu kukaa akimsubiri.

Jumapili jioni tulimaliza. Mzee aliweka sawa magurudumu ya mbele kwa kamba na futi, akaniambia siku ya pili nipite kwenye mashine ya alaimenti, ikisema kwamba amekosea nirudi nidai soda. Nilipita, na soda sikuidai. Usukani ulikuwa bado mzito, maana pawa haikuwamo kwenye bahasha, lakini sasa ulikuwa unanisikia. Ukimaliza kona, unaurudishia nafasi, wenyewe unakwenda katikati.

Jumatatu tulikuwa watatu kwenye kiti cha mbele, mama katikati yetu na mto mmoja. Viroba viliachwa nyumbani. Kijana wa pantoni akachungulia bodi tupu. "Dada, mchanga umeuzika?"

"Umeuzika," nikamwambia.

Tuliporudi, baada ya Mjimwema, pale njia inapoanza makorongo, nilipunguza mwendo kwa mazoea, nikamwangalia mama kama anajinyanyua. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea bega la baba, na baba amekaa wima kabisa, hatikisiki, asije akamwamsha.

Mama alimaliza zamu zote 25, kwa kuchelewa siku zile mbili alizozikosa. Tuliishi naye miaka mitano zaidi. Kijitabu changu bado hakijachapwa. Pikapu bado inakwenda Kariakoo, siku hizi kwa nazi 1,300, na bushi nimebadili mara mbili.

Majani ya lori baba hakuyaacha Gerezani. Moja sijui alimpa nani. La pili alimwomba mhunzi palepale alichonge ncha, akalileta nyumbani juu ya bega, akalichimbia uani. Ndicho kifuo chake cha kufulia nazi mpaka leo, na hakijawahi kuinama.